Darasa la Uani

Mnyooshaji aliposema makala yake imekubaliwa na jarida na itachapishwa, wazee wenzangu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, nisije nikaonekana, lakini viganja vyangu vilikuwa baridi kama vya maiti, na mkojo ulinibana palepale.

Mnyooshaji ndiye mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Jina lake analo, zuri tu, alilopewa na baba yake. Hili nilimpa mimi siku ya kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kuwanyoosha wazee waliojikunja, na anawanyoosha bila huruma. Ni binti mdogo, kama mjukuu wangu wa kwanza. Anavaa raba, na shingoni ananing'iniza saa ya kupimia sekunde kama refa wa mpira.

"Nawashukuru nyote," alisema. Alikuwa amesimama mbele yetu kwenye chumba cha mazoezi, ameegemea vile vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza upya kutembea. "Utafiti umekwisha, majibu yametoka, sitawaficha. Kundi la kijani mlikuja hapa mara tatu kwa wiki, miezi sita, mkafanya mazoezi. Kundi jeupe mlipewa kijitabu cha afya mkakaa nyumbani. Makundi yote mawili yameimarika. Sawasawa."

"Si ndiyo vizuri?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma.

"Vizuri kwenu, baba. Lakini maana yake mazoezi yangu hayakuongeza kitu. Kijitabu kinatosha." Alijaribu kucheka; meno yakatoka, macho yakakataa. "Ndivyo nilivyoandika. Utafiti ni kusema ulichokiona, si ulichokitamani. Kesho saa sita mchana narudisha kurasa za mwisho kwa mhariri. Daktari Mkuu ameshaisoma. Ikitoka tu, chumba hiki kinafungwa. Kitakuwa stoo ya mafaili."

Mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, alikuwa amekaa kushoto kwangu. Hakunitazama. Fundi Cherehani, mzee aliyetushonea nguo mtaa mzima mpaka macho yakamwisha, alikuwa kulia kwangu, na yeye akaanza kukagua kifungo cha shati lake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anakutana na kifungo. Watu kumi na saba wa kundi jeupe walikuwemo chumbani mle, na wote kumi na saba walipata kitu cha kutazama sakafuni.

Kwa sababu sisi tuliijua sababu. Sababu ilikuwa mimi.

Lakini nianze na sakafu, maana bila sakafu hamtanielewa. Mwaka juzi niliteleza bafuni. Sikuvunjika. Nilicheka kwanza, nikasema haya mwanamke, inuka. Sikuinuka. Mikono ilikuwepo, miguu ilikuwepo, nguvu ya kuviunganisha ndiyo haikuwepo. Nilianguka saa mbili asubuhi, na mkamwana wangu alirudi kazini saa kumi. Saa nane nzima nilikuwa natazama sinki kwa chini. Buibui wa pale nawajua mmoja mmoja kwa tabia. Bomba lilikuwa linadondosha maji, nikayahesabu matone, halafu nikaogopa kuhesabu, maana nilikuwa nimejiambia yakifika elfu nitakuwa nimekufa. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jirani alisikia, akadhani naimba.

Tangu siku ile nilikuwa sioshi mwili wangu mpaka kuwe na mtu nyumbani. Nilitembea nimeshika ukuta. Ukuta wa kwetu una mstari wa viganja vyangu mpaka leo, rangi mbili zimepakwa juu yake na bado unaonekana. Watu wanadhani hofu ya kuanguka inakaa kichwani. Inakaa magotini.

Ndipo Mnyooshaji akaja na utafiti wake. Wazee arobaini, karatasi arobaini ndani ya mfuko wa kitambaa, ishirini za kijani na ishirini nyeupe. Unaingiza mkono bila kutazama. Nilijaribu kuchungulia, sitadanganya, lakini mfuko ulikuwa na mdomo mwembamba. Nikachomoa ya kijani. Mdogo wangu akachomoa nyeupe, na Fundi Cherehani nyeupe. Mnyooshaji alitueleza vizuri: lazima iwe bahati, ili makundi yafanane, na mwisho tofauti ikionekana tujue imeletwa na mazoezi, si kitu kingine. Mazoezi yakithibitika, weupe nao wataingia chumbani, na makala ikichapishwa hospitali nyingine zitasoma na kuiga.

Tukasaini fomu. Kipengele cha nne kilisema wa kijani wasiwafundishe weupe mazoezi mpaka utafiti uishe. Nilikisoma mwenyewe, tena nikawasomea watatu waliosahau miwani. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Wiki ya tatu mdogo wangu alikuja kwangu. Aliingia mkono ukutani, juu ya mstari wangu uleule.

"Dada, wanawafanyisha nini humo ndani?"

"Siri ya serikali."

"Mimi jana nimekaa chooni nusu saa. Kukaa nilikaa mwenyewe, kwa raha zangu. Kuinuka ndiyo ikawa habari nyingine."

Alisema huku anacheka. Mimi nilikuwa naangalia magoti yake, na nikaliona sinki. Nikavuta kiti.

"Sogea ukingoni. Miguu nyuma kidogo. Mikono ivuke kifuani kama umemnunia mume. Pua itangulie mbele ya vidole vya miguu. Sasa inuka, usishike kitu."

Ikawa hivyo. Alimleta Fundi Cherehani, Fundi akamleta shemeji yake, shemeji akaleta wawili. Mwezi haukuisha, uani kwangu kulikuwa na watu kumi na saba, kila mmoja na kiti chake kutoka kwake. Na mimi, niliyemaliza la saba nikaambiwa inatosha, niliyekuwa nafundisha kuku hesabu nikiwa mdogo, jamani, ningefanyaje? Nilipata rula. Nilipata kengele ya baiskeli. Nikafungua daftari la mahudhurio, jalada gumu: jina, tarehe, kainuka mara ngapi, nani kachelewa na kwa uongo gani. Mchelewaji alisimama kwa mguu mmoja mpaka nimalize kuita majina, na kwa kuwa hilo nalo ni zoezi, hata watoro walipona. Wakawa wananiita Mwalimu. Niliitikia.

Kila mwezi Mnyooshaji aliwapima. Unaketi kwenye kiti, unainuka, unatembea mita tatu mpaka kwenye utepe uliobandikwa sakafuni, unageuka, unarudi, unaketi, yeye anashika saa. Kabla ya hapo aliwauliza weupe kama wamefanya mazoezi yoyote. Nilikuwa nimewafundisha na jibu.

"Hapana mwanangu, tunakaa tu."

Fundi Cherehani alizidisha chumvi. "Tunakaa mpaka viti vinalalamika."

Na mimi aliniuliza, mara sita kwa miezi sita, kama nimemwonyesha mtu. Mara sita nilisema hapana. Siku moja nilimwona anaigonga saa yake kwa kidole, anaiweka sikioni, anadhani imeharibika. Nikajifunika mtandio nikacheka. Sasa kicheko kile kikinijia nikiwa peke yangu, nanyanyuka naenda chumba kingine.

Basi jioni ile baada ya mkutano tulikaa watatu uani, viti vitatu, kama wezi wanaogawana.

"Tukinyamaza?" niliuliza.

"Tukinyamaza, tunaendelea hapahapa kwako, Mwalimu," alisema Fundi. "Chumba chao wakae nacho."

"Na nikisema?"

"Ukisema, tumeidanganya hospitali kwa maandishi. Nina miaka sabini na nane. Polisi sijaingia hata kuuliza njia."

"Watakufunga wewe? Chakula chako laini tu kitawafilisi."

"Cheka. Saini ni yako ya kwanza pale juu, tena umeikoleza."

Ni kweli nilikuwa nimeikoleza.

"Mimi namfikiria yule binti," alisema mdogo wangu. "Utamwangaliaje usoni, dada? Miezi sita tunamchezea. Utamvunja moyo mara mbili." Akainuka aanue nguo kabla ya umande.

Mguu wake ulinasa kwenye mguu wa kiti cha Fundi.

Nilimwona anakwenda. Niliona kila kitu polepole: kichwa chake, na ukingo wa saruji wa karo la kufulia, na nafasi baina yao inayopungua. Nilifungua mdomo, hewa haikutoka. Mikono yangu haikunyanyuka. Halafu mguu wake mwingine ukaruka mbele, peke yake, kama una akili zake, ukakanyaga mbali, goti likajikunja likashika. Akabaki amesimama, ameinama, vidole vimegusa ukingo wa karo.

Nguo zilipepea.

"Zoezi la sita," alisema Fundi, kwa sauti ndogo.

Wao wawili walianza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyekoswa na gari. Mimi nilishindwa kucheka. Si kwa ajili yake, yeye alikuwa mzima. Nilimwona mwanamke mwingine kabisa, simjui, mji wake siujui, anakwenda chini vilevile, na zoezi la sita hana, kwa sababu daktari wake amesoma kwenye jarida kwamba kijitabu kinatosha. Nilimwona chini ya sinki lake. Nilimsikia anahesabu.

Asubuhi niliweka daftari kwenye kapu, nikalifunika na kanga kama mtu anayepeleka nyama kwa siri. Njiani niligeuka mara mbili. Mara ya kwanza nilijidanganya nimesahau kufunga mlango. Mara ya pili sikupata hata uongo, niligeuka tu, halafu nikageuka tena. Hatimaye nikafika kwenye korido ya hospitali. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi. Ndani, seremala na futi yake alikuwa anapima ukuta, penseli sikioni, na vile vyuma viwili vya kutembelea vilikuwa vimesukumwa pembeni, kimoja juu ya kingine.

Ofisi ya Mnyooshaji ni ndogo, meza moja, kompyuta moja, na picha ya mifupa ukutani ambayo siku zote inanikumbusha mjomba wangu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

"Bibi, leo si siku yako."

"Najua. Keti mwanangu."

"Nimeketi."

"Basi na mimi niketi." Nikaketi, nikashika meza kwa mikono yote miwili, mimi ambaye huwa sishiki. "Nilikuwa nasema, huyu wa ukutani amekonda zaidi au ni macho yangu?"

"Bibi. Nina dakika arobaini."

Nikatoa daftari nikaliweka juu ya karatasi zake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yalikimbia. Nilisema tu, "Weupe niliwafundisha mimi. Uani kwangu. Wote, isipokuwa watatu."

Hakuelewa. Akafungua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Nikaona macho yake yanashuka kwenye majina na kusimama kila jina.

"Huyu ni wa kundi jeupe."

"Ndiyo."

"Na huyu. Na huyu."

"Huyo ni mtoro. Nimemwandika kwa wino mwekundu."

Hakucheka. Alivuta faili lake, akaliweka kando ya daftari langu, akawa anapeleka kidole huku na huku. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nilijikuta nahesabu, nikajizuia.

"Watatu ambao hawakuja," alisema. "Ni nani?"

Nikamtajia. Wawili wanakaa mbali na mmoja ni mkaidi, alisema hafundishwi na mwanamke mwenye rula.

"Hao watatu," alisema polepole, "ndio peke yao katika kundi jeupe ambao hawakuimarika. Nimekaa nao wiki nzima kwenye kompyuta hii, najiuliza wana ugonjwa gani." Akafunga faili. "Watatu hawathibitishi kitu. Ujue hilo. Usitoke hapa ukidhani umenisaidia."

"Sidhani."

"Mara sita nilikuuliza."

"Mara sita."

"Uliniangalia machoni."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Alizungusha kiti akaitazama kompyuta. Makala yake ilikuwepo pale, safi, ina kichwa cha habari na jina lake chini yake, na pembeni kitufe cha kijani. Nilikijua ni kitufe gani bila kuambiwa.

"Miaka mitatu," alisema. Hakuwa anasema na mimi. "Ningeweza kutuma tu. Wewe hungesema kwa mtu mwingine. Wao hawangesema. Ningekuwa na makala."

Mkono wake ulikuwa juu ya kile kipanya cha kompyuta. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Polisi niliwaogopa, uso wake niliuogopa, lakini hofu hizo zilikuwa na umbo. Hii ilikuwa kama ile ya bafuni: nipo, naona, na siwezi kunyanyua hata kidole. Nilitaka kusema jambo, nikaona kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumwambia yule binti aseme kweli. Nikabaki namtazama mjomba ukutani.

Alifungua ukurasa mwingine. Akaandika muda mrefu, akifuta, akiandika. Kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Soma. Kwa sauti. Wewe si ni mwalimu?"

Nikavaa miwani. "Mheshimiwa mhariri. Naomba kuiondoa makala yangu isichapishwe. Nimegundua leo kwamba washiriki kumi na saba kati ya ishirini wa kundi la kulinganisha walifundishwa mazoezi na, na..."

"Endelea."

"...na mshiriki mwenzao. Hivyo majibu niliyoyatoa si ya kweli. Kosa la kutogundua mapema ni langu." Nikavua miwani. "Hili la mwisho si kweli. Si lako."

"Ni langu. Nilikuwa naona namba na sikuzifuata mpaka nyumbani kwao." Akabonyeza. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. "Daftari linabaki hapa. Wewe nenda. Leo sitaki kukuona tena."

Nilipotoka, seremala alikuwa bado anapima. Aliniamkia. Sikuitikia, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Wiki mbili sikusikia neno. Kila pikipiki iliyosimama nje ilikuwa imekuja kunichukua. Niliweka nguo mbili na dawa za presha kwenye mfuko nyuma ya mlango, mkamwana wangu akauliza nasafiri kwenda wapi, nikasema popote. Fundi alihamia kwa binti yake, akidai kwamba anabadilisha hewa. Ndipo barua ikaja: kamati ya maadili ya utafiti inaniita.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, Daktari Mkuu katikati, na daftari langu mbele yake. Mnyooshaji alikaa pembeni, hakuinua kichwa. Sakafu ilikuwa vigae, imepigwa deki muda si mrefu, inang'aa maji. Nilitembea juu yake kama juu ya mayai mpaka kwenye kiti.

Waliniuliza nani alinituma. Hakuna. Nililipwa nini. Rula. Kwa nini nilifanya. Nikawaeleza bafuni, sinki, buibui, mdogo wangu chooni. Sikutia mzaha, au nilitia mmoja tu. Daktari Mkuu aligeuza kurasa za daftari kwa muda.

"Ungekuwa mfanyakazi wangu ningekufukuza," alisema. "Sijui nikufanye nini. Utafiti utarudiwa. Safari hii bahati itachezwa kwa mitaa, si kwa mtu mmoja mmoja: mtaa mzima kijani au mtaa mzima mweupe, majirani wasipasiane. Mtaa wako haumo, ulishauharibu. Chumba kitabaki wazi mpaka hapo. Majibu yakiwa yaleyale, kitafungwa." Akanisogezea karatasi. "Hapa unaahidi kwamba kwa miezi sita hutamfundisha mtu yeyote wa mitaa hii. Tafadhali soma."

Nikasoma. Mtaa wa tatu kwenye orodha ya weupe ni wa wifi yangu. Ana miaka themanini. Magoti yake nayajua.

Niliishika kalamu, nikaiweka chini.

"Na nikimwona mtu wa hapa anaanguka?" niliuliza.

Daktari Mkuu alimtazama Mnyooshaji. Mnyooshaji aliinua kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mshike," alisema. "Kumshika unaruhusiwa. Kumfundisha, hapana."

Nikasaini, saini ndogo. Nikavuka mikono kifuani, nikatanguliza pua, nikainuka bila kushika, nikavuka vile vigae mpaka mlangoni na roho yangu mkononi.

Jumapili wifi alikuja kunitembelea. Alipomaliza chai alijaribu kuinuka mara mbili, ya tatu akafanikiwa, akaenda mlangoni mkono ukutani.

"Wifi," alisema, "nasikia wewe unajua hayo mambo ya hospitali. Hebu nionyeshe hata kimoja."

"Sijui kitu," nikasema.

Nikamfuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka getini na kuvuka barabara hadi kwake, mikono wazi pande zote mbili za kiuno chake bila kumgusa, mdomo nimeufunga. Imebaki miezi mitano na wiki tatu.